THELUJI NA MVUA YA MAWE: ISHARA ZA MWENYEZI MUNGU, SI KAZI YA WAGANGA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbingu na ardhi kwa haki, akayatiisha mawingu yakaenda kwa amri Yake. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu wa Migori na Homa Bay, wanaume kwa wanawake, kila msimu wa mvua unapoingia huletwa mbele ya darsa letu maswali yanayofanana. Mmoja auliza: Je, yafaa Mwislamu achange fedha pamoja na majirani zake ili aitwe mganga wa kuizuia mvua ya mawe isiyapige mashamba? Wa pili auliza: Ikiwa mawe yameliteketeza shamba la huyu na kuliacha shamba la yule aliyepakana naye, si dalili hiyo ya kwamba pana mkono wa mtu? Na wa tatu, naye ni kijana wa skuli, auliza jambo ambalo kwa dhahiri liko mbali na hayo mawili: Theluji tunayoitaja katika dua ya kufungulia sala ni kitu gani, na sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Victoria twaitaja kwa maana gani?

Twaona ya kwamba maswali haya matatu kwa hakika ni swali moja. Mwenye kulifahamu jawabu la yule kijana amekwisha kupata nusu ya jawabu la wale wazee wawili. Kwa hiyo tutaanza na kijana.

NENO TUNALOLITAMKA KATIKA SALA

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim ya kwamba Abu Huraira (R.A.) alimwuliza Mtume (S.A.W.) anasema nini katika kile kimya kifupi baina ya takbira na kisomo. Mtume akamfundisha dua, na mwisho wake mja humwomba Mola wake amwoshe makosa yake kwa vitu vitatu: maji, thalji na barad. Thalji ndiyo theluji, na barad ndiyo mvua ya mawe. Wengi wetu tulioleleka katika madhehebu ya Imam Shafi twafungua sala kwa Wajjahtu, na hiyo nayo imepokewa. Lakini dua ya Abu Huraira inasomwa pia katika misikiti yetu, na vijana wanafundishwa kuihifadhi.

Huenda mtu akastaajabu: Madina ni mji wa joto na mitende, basi theluji imeingiaje katika dua? Jawabu ni kwamba Waarabu waliijua. Makureshi walikuwa na safari mbili za biashara katika mwaka, ya kusi na ya kaskazi, na ile ya wakati wa joto ilikuwa ya kwenda Shamu. Huko milima ya Lubnani inainuka karibu na ufuo wa bahari, nayo hufunikwa na theluji nyingi wakati wa baridi. Na Jabal Sheikh, ulioko kusini yake, huonekana mweupe kileleni hata majira ya joto yanapokaribia. Karne nyingi baadaye masultani wa Kimamluki wa Misri walikuwa wakiletewa Kairo theluji ya milima ya Shamu, nyingine kwa majahazi na nyingine kwa ngamia, wapate kupozea vinywaji vyao.

Lugha yetu ya Kiswahili nayo ilikuwa na majina kabla ya wengi wa wenyewe kukiona kitu. Neno theluji limetoka katika Kiarabu, na neno barafu limetoka katika Kiajemi, na yote mawili yaliletwa na watu wa bahari. Lakini mtu aweza kuwa na jina asiwe na maarifa. Mnamo tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka pwani ya Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro na weupe kileleni mwake. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, yule mtu hakuwa na jina lake, akasema tu ya kwamba ni baridi. Habari ile ilipofika London, Desborough Cooley, mwanajiografia aliyekuwa na sifa kubwa na asiyepata kuikanyaga nchi ile, aliikadhibisha na akaendelea kuikadhibisha kwa miaka mingi, kwa kuwa aliona haiwezekani theluji ikae karibu na mstari wa Ikweta. Mwaka 1862 Baron von der Decken aliupanda mlima ule sehemu yake, na habari ya theluji ikathibitika.

Ndugu msomaji, watazame watu wawili hawa. Mmoja hakuwa hata na jina la kitu, lakini alisema lile alilolijua, kwamba pale juu pana baridi, na alisema kweli. Wa pili alikuwa na vitabu vingi, akakataa asilolijua. Sisi tusiwe kama wa pili, wala tusitosheke kubaki pale alipokuwa wa kwanza. Tumeamrishwa kutazama na kuzingatia.

JINSI THELUJI INAVYOKUWA NYINGI MILIMANI KANDO YA BAHARI

Theluji nyingi huhitaji mambo matatu: maji mengi yatakayotoa mvuke, upepo utakaouchukua mvuke huo, na mlima utakaouinua. Penye bahari na mlima pamoja, na upepo ukaelekea kutoka kwenye maji kwenda mlimani, hapo ndipo theluji inapozidi.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni nchi ya Japani. Wakati wa baridi hutoka upepo mkavu, baridi kali, kutoka Siberia, ukaivuka bahari iliyo baina ya bara la Asia na visiwa vya Japani. Maji ya bahari ile yana joto kuliko upepo wenyewe. Basi upepo hunywa mvuke njia nzima, na unapofika pwani tayari umelemewa. Hapo hukutana na milima, hulazimika kupanda, na kila unapopanda hupoa. Mvuke huganda na kuanguka theluji, mita juu ya mita, upande unaoelekea bahari. Upande wa pili wa milima, uliko mji wa Tokyo, upepo hufika umekwisha kuutua mzigo wake, na siku huwa kavu na jua likawaka. Tarehe 14 Februari 1927 juu ya Mlima Ibuki palipimwa theluji yenye kina cha mita 11.82. Mlima ule haufiki mita 1,400 kwa kimo. Mlima wetu wa Homa, tunaouona kila siku tukiwa Kendu Bay, una mita 1,751. Basi kimo cha mlima peke yake si sababu. Ni yale mambo matatu kukutana, na juu yake baridi.

Hata katika nchi za Waarabu wanakoishi ndugu zetu wengi wenye kusema Kiswahili, jambo hili huonekana kwa uchache. Jabal Shams wa Oman, wenye kimo cha karibu mita 3,000, hupata theluji baadhi ya miaka. Na mwezi wa Januari 2009 Jabal Jais, ulio karibu na pwani ya Ras al-Khaimah, uligeuka mweupe, watu wakatoka mijini kwenda kuutazama.

Ama katika Ikweta yetu, hewa haina baridi hiyo chini. Lakini kila tunapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 na zaidi. Kwa hiyo, juu kiasi cha mita 4,800 hivi maji huganda, liwe jua limewaka chini namna gani. Ndiyo sababu Kilimanjaro wenye mita 5,895, Mlima Kenya wenye mita 5,199, na Ruwenzori wenye mita 5,109 vilele vyao vilijaaliwa barafu. Twasema vilijaaliwa, kwani barafu hiyo inakwisha. Ile ya Kilimanjaro ilipopimwa mwaka 1912 ilikuwa na eneo la kilomita 12 za mraba kwa kukisia. Karne moja baadaye hazikusalia hata mbili. Mwenye macho na aone.

THELUJI ILIYO JUU YA VICHWA VYETU

Sasa tuje nyumbani. Kijana asema hajaona theluji. Sisi twamwambia: Theluji inaanguka juu ya Homa Bay na juu ya Migori kila msimu wa mvua, isipokuwa haifiki chini.

Uso wa Ziwa letu uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka hapo kwenda juu kiasi cha kilomita tatu na nusu hivi umefika mahali maji yanapoganda. Na Ziwa hili, lenye eneo la kilomita za mraba 68,000 na zaidi, ni kama bahari kwa kazi yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda, na upepo wa Ziwa huingia mahali pake, ukachukua mvuke kupita Karungu, Mbita na Kendu Bay, kuelekea milima ya Gwassi na nyanda za juu za Kisii na Kericho. Huko hukutana na upepo mwingine utokao mashariki. Pepo mbili zikigongana, na chini yake pana milima inayozisukuma, haziwi na njia ila kwenda juu. Ndipo tunapoona alasiri wingu likijijenga upande wa mashariki, ghorofa juu ya ghorofa, chini yake jeusi na kichwa chake cheupe kama pamba. Mawingu hayo hupita kilomita kumi kwa kimo. Halafu mengi yao husukumwa kurudi magharibi, yakatushukia sisi jioni.

Ndani ya kichwa cha wingu lile mna theluji tupu. Chembe zake hukua, huwa nzito, huanza kuanguka, na zinapofika penye joto huyeyuka zikawa matone. Sehemu kubwa ya mvua nzito inayoujaza Mto Kuja na Mto Migori ilikuwa theluji dakika chache kabla ya kugusa majani ya mahindi yetu. Mtu anayetaja maji na theluji katika dua yake hataji vitu vya nchi mbili. Ataja kitu kimoja katika hali zake mbili.

Na mvua ya mawe je? Hii ndiyo barad, na Wajaluo huiita pe. Ndani ya wingu mna mkondo wa hewa unaopanda kwa nguvu nyingi. Chembe ya barafu inapotaka kuanguka, mkondo huo huishika na kuinyanyua. Nayo hukutana na matone ya maji yaliyo baridi kupita kiasi lakini hayajaganda, na yanapoigusa huigandamia. Huzidi kukua hivyo, tabaka juu ya tabaka, mpaka mkondo ushindwe kuibeba. Ikianguka huwa kubwa mno hata joto la chini haliwahi kuiyeyusha. Mwenye kutaka ushahidi, na achukue jiwe moja kubwa mvua inapokwisha, alikate kwa kisu kabla halijayeyuka. Ataona duara ndani ya duara kama kitunguu. Hakuna mkono wa mwanadamu ulioyapanga matabaka hayo.

Nyanda za Kericho na Nandi, zilizo kaskazini-mashariki yetu, zinahesabiwa kuwa miongoni mwa mahali ambapo mvua ya mawe huanguka mara nyingi kuliko popote duniani. Zimetajwa hesabu za kufika siku 132 katika mwaka mmoja. Na mwezi wa Septemba 2008 katika kijiji cha Busara karibu na Nyahururu kilima kizima kilifunikwa weupe, na watu wakadhani ni theluji iliyowaangukia. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza ya kuwa ilikuwa mvua ya mawe iliyoshikamana.

KWA NINI SHAMBA HILI LIPIGWE NA LILE LIACHWE

Hili ndilo swali la mzee wa pili, na ndilo linaloleta fitina vijijini. Jawabu lake si gumu. Ule mkondo unaoyabeba mawe hauenei wingu zima. Ni kama nguzo moja ndani ya nyumba kubwa. Mawe huanguka pale nguzo ilipo, na wingu linapokwenda, nguzo nayo inakwenda, ikaacha chini mstari mrefu na mwembamba. Mara nyingine upana wa mstari huo ni mita mia chache tu. Aliye ndani ya mstari migomba yake huchanwa majani, na mahindi yake huvunjika. Aliye nje hupata mvua ya kawaida na ardhi yake ikanywa. Mpaka wa mstari waweza kupita katikati ya shamba la mtu mmoja, na hapo twauliza: Je, mchawi wake alimchukia kwa nusu?

Mwenyezi Mungu ametueleza haya katika Surat An-Nur, Aya ya 43. Atuambia ya kwamba Yeye huyaendesha mawingu pole pole, kisha huyaunganisha, kisha huyafanya marundo, ukaona mvua ikitoka kati yake. Na ya kwamba huteremsha kutoka juu, kutoka katika milima, mvua ya mawe, akampiga kwayo amtakaye na akamwepusha nayo amtakaye. Wenye tafsiri wamesema mawili juu ya milima hiyo, na Ibn Kathir ameyataja yote mawili: wako waliosema ni milima ya barad iliyoko mbinguni kweli, na wako waliosema ni mfano wa mawingu makubwa. Sisi hatutaki kuifanya Qur'ani kitabu cha hali ya hewa, wala kuilazimisha Aya iseme kila linaloandikwa na wataalamu wa leo. Qur'ani ni uwongofu. Lakini twaona wazi ya kwamba Aya hii imetaja hatua, moja baada ya moja, na ikatuita tuzione. Na mwisho wake ikaikata mizizi ya maneno ya waganga, kwani kumpiga huyu na kumwepusha yule kumetajwa kuwa ni kwa Mwenyezi Mungu, hakukutajwa kuwa kwa mwingine.

Pengine mtu atasema: Ikiwa sababu ni upepo na baridi, basi Mungu amebakiwa na nini? Haya ni maneno ya mtu anayedhani ya kwamba Mungu anakaa mahali tusipopajua tu, na tukipajua atoke. Astaghfirullah. Sababu ni za Mwenyezi Mungu kama vile matokeo yalivyo Yake. Mkulima anajua ya kwamba mbegu huota kwa udongo na maji, na wala kujua huko hakumzuii kusema Bismillahi anapopanda. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa mwenye kumjua Mola wake kuliko watu wote, na Bibi Aisha (R.A.) ametuhadithia ya kwamba alipoona wingu uso wake ulibadilika kwa hofu, akikumbuka kaumu ya Adi walivyoona wingu wakalifurahia, kumbe lilikuwa adhabu.

Na siku alipofariki mwanawe Ibrahim jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Lau Mtume angelikuwa mtu wa kutafuta sifa, angeliyanyamazia maneno yale. Bali alisimama akawafundisha ya kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, na hazipatwi kwa ajili ya kufa kwa mtu wala kuishi kwake. Ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, vipi mawingu ya Ziwa zima yatajipanga kwa chuki ya kikongwe mmoja juu ya robo eka ya mahindi?

MAOVU MATATU YANAYOZALIWA NA UJINGA HUU

La kwanza ni kumwendea mganga. Mtume (S.A.W.) ametuonya ya kwamba mwenye kumwendea mtabiri akamwuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arubaini, hiyo imepokewa na Muslim. Basi mtu atoa fedha zake, apoteze sala zake, na mawe yaanguke vile vile. Yasipoanguka, mganga atasema ni kazi yake. Yakianguka, atasema mmoja wenu amevunja mwiko. Biashara gani hii isiyokuwa na hasara kwa muuzaji hata siku moja? Katika miaka ya 1960 wenye mashamba ya chai ya Kericho waliajiri wataalamu wenye ndege, wakarusha ndani ya mawingu moshi wa silva ayodaidi, ili mawe yawe madogo yasiharibu majani. Hao walikuwa na ndege, na vipimo, na fedha nyingi, na hata leo mvua ya mawe haijakoma Kericho. Atakayeikomesha ni mwenye pembe na ushanga?

La pili latuhusu sisi wenyewe, nalo twalisema kwa uchungu. Wapo wanaokataa kwenda kwa mganga wa kienyeji, kisha wakamwita mtu mwenye kanzu na kofia awaandikie Aya katika karatasi wazizike katika pembe nne za shamba, au awatengenezee kombe la kunyunyiza mipakani, naye akapokea kuku na fedha. Wanadhani wameepuka ushirikina kwa kubadilisha nguo za mganga. Qur'ani imeteremshwa isomwe na ifuatwe, haikuteremshwa izikwe. Masahaba walikuwa na mitende na mashamba, na hatujui ya kuwa mmoja wao alilizungushia shamba lake karatasi.

La tatu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa humwaga damu. Mganga anapoulizwa mawe yametoka kwa nani, hutaja jina. Na aghalabu jina hilo huwa la mjane, au mzee asiye na watoto, au mtu anayeishi peke yake. Mwezi wa Mei 2008, huko Kisii, jirani zetu wa karibu kabisa, umati wa watu uliwachoma moto watu 11, wengi wao wakongwe, kwa kuwasingizia uchawi. Tusiseme hayo ni ya Kisii, si yetu. Kila mwenye kusema barazani, ati fulani ndiye aliyeleta mawe, amekwisha kulichuma jani la kuwashia moto ule. Mwenye kumtuhumu mtu bila ya hoja amechukua dhambi ya uzushi. Na damu ikimwagika, atajibu nini mbele ya Mola wake, hali mawe yenyewe yalikwisha kuyeyuka kabla ya jua kuchwa?

BASI TUFANYE NINI

Hatusemi mtu akae kitako anyeshewe. Dini yetu imetupa kazi nyingi za kufanya.

Kwanza ni dua. Watu walipomlalamikia Mtume (S.A.W.) ya kwamba mvua imezidi na mali inaangamia, aliomba mvua iwe kandokando yao isiwe juu yao, iende vilimani, mabondeni na penye miti. Dua hii haina bei. Kila Mwislamu aweza kuiomba mwenyewe, akiwa shambani au mtumbwini.

Pili ni kujihadhari. Wingu la alasiri likijenga kichwa, watoto waitwe nyumbani na mifugo iondolewe chini ya miti. Wavuvi wa Mbita, Sori na Muhuru Bay wanajua ya kwamba dhoruba kali za Ziwa huwa za usiku, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana juu ya maji. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri, nayo ina ofisi katika kaunti zetu. Kuusikiliza utabiri wao si kumwamini mpiga ramli, kwani wao wanapima upepo na joto na kusema lililo karibu kutokea kwa sababu zake. Hawadai kujua ghaibu wala kuiamrisha mvua.

Tatu ni haki katika biashara. Wapo miongoni mwetu wafanyabiashara wanaonunua mazao yangali shambani. Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kukomaa kwake. Na yakiwa yamekomaa na kuuzwa, kisha yakapigwa na balaa, amesema kama ilivyopokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.) ya kwamba si halali kwa muuzaji kuchukua kitu kwa nduguye, kwani ataila mali ya nduguye kwa haki gani? Wanazuoni wamekhitilafiana: Imam Malik na Imam Ahmad wameona kumpunguzia mnunuzi ni wajibu, na katika kauli ya mwisho ya Imam Shafi ni jambo la kupendeza. Kwa vyovyote vile, mwenye kumcha Mungu hasimami juu ya mahindi yaliyovunjika akadai thamani nzima. Vile vile mazao yaliyoangamia kabla ya kuvunwa, bila ya uzembe wa mwenyewe, hayana zaka juu yake. Bali mwenyewe huenda amekuwa ni mtu wa kupewa.

Nne, ule mchango. Tumeulizwa kama yafaa kuchanga fedha kwa ajili ya mvua ya mawe. Twajibu: Ndiyo, yafaa, na ni jambo jema sana, lakini asipewe mganga. Kila jamaa ya msikiti iweke mchango wake kabla ya msimu, na mawe yakipita, fedha zile ziende kwa yule aliyekuwa ndani ya mstari, zimnunulie mbegu apande tena kabla mvua hazijakwisha. Na asiangaliwe kama ni Mwislamu au si Mwislamu. Jirani ni jirani. Zingelikuwa zimekwenda kwa mganga, kijiji kingelipata adui mpya. Zikienda kwa jirani, kitapata mavuno.

Tano ni elimu. Twawaomba walimu wa madrasa zetu wanaposomesha dua ya kufungulia sala wawaeleze watoto thalji ni nini na barad ni nini, na wawaonyeshe wingu. Waweke chombo cha kupimia mvua uani mwa madrasa na daftari kando yake. Mtoto mmoja aandike kila asubuhi. Siku ya mvua ya mawe waandike saa, na upande wingu lilikotoka, na mashamba yaliyopigwa. Baada ya miaka michache daftari lile litamjibu yule mzee wa pili kuliko tunavyoweza kumjibu sisi, kwani ataona kwa macho yake ya kwamba mstari hupita mahali hapa mwaka huu na pale mwaka ujao, katika mashamba ya wapendwao na ya wachukiwao, ya wachamungu na ya wakosefu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuondolee ujinga wa kuzikataa ishara Zake na ujinga wa kuzinasibisha na wengine. Ailinde mimea yetu na wavuvi wetu. Awalinde wazee wetu na ndimi zetu kabla ya mikono yetu. Na atuoshe makosa yetu kwa maji, na theluji, na mvua ya mawe. Amin.

Wabillahi ttaufiq.